Kesi ya Ngamia, Ilivyokuwa na Ilivyopigwa Picha

Mwalimu wenu wa ukalimani alikuja kwangu na daftari, akasema mnataka kuigiza kesi ya ngamia wa Biliqo na kuipiga picha kwa simu zenu. Akaongeza kwamba mmeshaiona ile filamu ya zamani, kwa hiyo mnajua mambo yalivyokuwa. Nikamwambia ama aniletee ninyi wenyewe, ama anipe karatasi niandike. Karatasi ilikuwa karibu zaidi.

Mimi ni Farah. Nilikuwa karani na mkalimani katika mahakama ya hapa Isiolo, miaka ya sabini na themanini. Babu yangu aliletwa huku na jeshi la Mwingereza na hakurudi kwao. Baba yangu alinunua lori. Kisomali nilikinyonya, Kiswahili nilikiokota mtaani, na Kiborana nilijifunza juu ya magunia ya sukari, nikisafiri na baba kwenda Merti na Biliqo. Serikali ilipotafuta kijana wa lugha tatu mwenye hati nzuri ya mkono, ikanipata.

Tuanze na nyundo. Katika filamu ile hakimu anagonga meza kwa nyundo ya mbao kila watu wakinong'ona. Miaka yangu yote sikumwona hakimu mwenye nyundo. Wa Isiolo alikuwa na kalamu, miwani na chupa ya chai, na akitaka kimya aliacha kuandika, akainua macho. Hilo lilitosha. Wala hakuvaa zile nywele za bandia. Hizo zilikuwa za majaji wa Mahakama Kuu, na sidhani hata wao wangezivaa kwa hiari katika joto letu.

Lakini nyundo ni kosa dogo. Kosa kubwa la filamu za mahakamani ni mwendo. Humo mtu anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anaruka kupinga, mpaka shingo yako inachoka kugeuka. Kwetu hakimu aliandika kila neno kwa mkono wake mwenyewe. Shahidi anasema kwa Kiborana, mimi nasema kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, kalamu inasimama, ndipo shahidi anaendelea. Wakati kalamu inatembea hakuna anayefanya lolote. Mnasikiliza mabati yakilia kwa jua. Ushahidi wa kuelezeka kwa robo saa ulikula asubuhi nzima.

Habari ya kalamu nilifundishwa na Mzee Jillo, mkalimani aliyenitangulia, Mborana wa umri wa baba yangu.

"Wewe usiangalie shahidi, usiangalie hakimu," aliniambia. "Angalia kalamu. Ikisimama, sema. Ikitembea, nyamaza. Ukisema wakati inatembea, maneno inaanguka chini ya meza, na mtu anafungwa kwa sababu ya maneno iko chini ya meza."

Mzee Jillo hakuwa mtu wa kusifu. Siku moja shahidi, mchungaji wa ng'ombe, alisema alimwona mshtakiwa "wakati ng'ombe wanarudi kutoka majini". Mimi nikamwambia hakimu, "Saa kumi na moja jioni, mheshimiwa." Ilionekana safi zaidi. Kiongozi wa mashtaka, ambaye alikuwa inspekta wa polisi, alifurahi sana kupata saa. Tulipotoka, Mzee Jillo alinivuta nyuma ya ofisi.

"Farah, yule mzee ako na saa?"

"Hana."

"Sasa hiyo kumi na moja ametoa wapi?"

"Nimekadiria tu, abba."

"Kadiria mbuzi sokoni. Hapa sema ng'ombe, wao watatafuta saa wenyewe."

Alistaafu akiamini kwamba nimejifunza. Na kweli nilikuwa nimejifunza kutoongeza. Somo la kutopunguza hatukuwa tumelifikia.

Sasa kesi yenyewe. Guyo alikuwa mfugaji wa Biliqo, mtu mrefu, wa makamo, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Polisi walimkuta na ngamia jike asiye wake ndani ya boma lake. Ngamia alikuwa na alama ya mfanyabiashara mmoja wa Ngaremara, ambaye mifugo yake ilikuwa imepelekwa kulishwa upande wa Merti. Wizi wa mifugo haukuwa mchezo. Watu waliingia gerezani na ndevu nyeusi wakatoka na nyeupe. Guyo hakuwa na wakili. Karibu hakuna mtu aliyekuwa na wakili Isiolo wakati ule.

Alisomewa mashtaka siku ya Jumatatu. Jumatatu orodha ilikuwa ndefu: walevi wa mwisho wa wiki, waliopigana sokoni, madereva wasio na taa. Nilikuwa nikiongea tangu saa tatu. Zamu ya Guyo ilipofika, adhuhuri ilikuwa imekaribia na koo langu lilikuwa kama ngozi iliyoanikwa. Hakimu akamuuliza kama mashtaka ni kweli au si kweli.

Guyo alijibu kama wazee wa Kiborana wanavyojibu, kuanzia mwanzo. Alianza na mvua. Akaja kwenye malisho. Akaeleza jinsi ngamia yule alivyorudi jioni pamoja na ngamia wake, jinsi alivyomfungia bomani ili fisi wasimpate, jinsi alivyotuma habari kisimani mara mbili kwamba kuna mnyama aliyepotea, na kwamba angekaa naye mpaka mwenyewe apatikane.

Nilimsikia vizuri sana. Kalamu ilikuwa imesimama inaningoja. Nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Ngamia alikuwa kwangu, nilimfungia ndani ya boma langu."

Mtu angeweza kunitetea kwamba sikuongeza hata neno moja. Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa amekiri, akaamuru arudi baada ya wiki tatu kwa hukumu, akae rumande, na ngamia alindwe kituo cha polisi kama kielelezo cha ushahidi. Mambo yote hayo hayakufika dakika tano. Nikaenda kuswali, kisha nikala.

Wiki ya pili, kielelezo kikazaa. Inspekta alikuja ofisini asubuhi na uso mzito kuuliza kama ndama naye ni kielelezo, na kama ndivyo, apewe namba gani. Tulibishana mpaka saa nne. Mtu wa gazeti aliyekuwa akipita kwenda Marsabit alisikia kicheko, akaingia, akaandika habari fupi. Hivyo ndivyo kesi ya mchungaji mmoja ilivyojulikana Nairobi. Ingekuwa ngamia dume, mwalimu wenu asingekuja kwangu.

Siku ya hukumu chumba kilijaa, wengi wakiwa wamekuja kwa ajili ya ndama. Hakimu akamuuliza Guyo kama ana neno la kusema kabla ya kuhukumiwa. Nikatafsiri. Guyo akanitazama mimi, si hakimu, akauliza, "Hukumu ya nini? Mimi bado nangoja kuulizwa."

Kabla sijafungua mdomo, mwanamke akasimama kwenye benchi la nyuma, na mtungi wake wa maziwa miguuni.

"Huyu karani amekula maneno!"

Alisema kwa Kiswahili, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza maziwa mtaani.

"Nani huyo?" hakimu akauliza. "Keti chini."

"Mimi Talaso, dada ya Guyo. Nakaa Chechelesi. Sikai chini. Ile Jumatatu nilikuwa hapa hapa. Ndugu yangu alisema aliweka ngamia mpaka mwenyewe apatikane. Huyu akasema nusu, nusu akameza."

Askari akaanza kumfuata. Hakimu akainua mkono, askari akasimama. Kisha hakimu akanigeukia.

"Karani, alisema hivyo?"

Nilikuwa na mke, watoto wawili, na nyumba ya serikali ya vyumba viwili. Nilihesabu hivyo vyote katika muda wa kumeza mate.

"Huenda alisema, mheshimiwa," nikajibu. "Sikusikia vizuri."

Kalamu ikatembea.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyopaswa kwenda. Jibu la kukiri likafutwa, wazee wawili wa kisima wakaja wakaeleza kwamba kweli walipata habari ya ngamia aliyepotea, na Guyo akaachiliwa. Mfanyabiashara akachukua ngamia na ndama. Faili likasema kwamba mkalimani hakusikia vizuri na jibu la mshtakiwa limebadilishwa. Jina la Talaso halikuandikwa popote, maana mtu anayepiga kelele benchini si shahidi. Nami sikuitwa na mtu yeyote kujieleza. Mtu kutosikia si kosa.

Ikapita karibu miaka kumi. Ndipo yakaja magari mawili kutoka Nairobi yamejaa nyaya na masanduku, na bwana mmoja mpole mwenye kofia, jina lake Mutiso. Alikuwa mwongozaji wa filamu. Alikuwa ameikuta ile habari ya gazeti, akaomba faili, akalisoma. Aliniomba niwe mshauri wake wakati wa likizo yangu.

"Nataka iwe kama ilivyokuwa," alisema. "Nimefuata faili neno kwa neno."

Vijana, niliifurahia kazi ile kuliko inavyofaa kukiri. Walikuwa wamegeuza ukumbi wa shule kuwa mahakama. Niliondoa pazia jekundu. Niliondoa nywele za bandia. Nyundo walikataa, wakisema watazamaji wataitafuta. Ukutani walikuwa wametundika picha ya rais wa wakati huo, ilhali kesi ilikuwa ya enzi ya yule wa kwanza. Hilo walilirekebisha haraka kuliko yote. Niliwaonyesha askari anaposimama, Kurani inapowekwa, na jinsi karatasi za mashtaka zinavyofungwa kwa uzi. Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Kisha nikaona waliyemweka kuwa mimi. Alikuwa mzee mwenye mgongo uliopinda, anaweka kiganja nyuma ya sikio na kusema "Eeh? Eeh?" mpaka mafundi wa taa wanacheka. Mutiso alieleza kwamba ameitoa kwenye faili: mkalimani hakusikia vizuri. Siku ya kesi ile nilikuwa sijafika miaka thelathini na tano, na masikio yangu yalikuwa ya paka. Nilicheka na mafundi wa taa.

Mutiso alikuwa na swali moja lililomsumbua.

"Bwana Farah, hapa pana pengo. Faili linasema kosa liligunduliwa. Haliandiki liligunduliwa na nani. Nani aligundua?"

"Mahakama," nikasema.

"Mahakama si mtu. Mimi siwezi kupiga picha ya mahakama ikigundua. Nahitaji mtu."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa yule wakili mnayempenda, mwenye suti ya kijivu. Ninyi mnadhani alitungwa na watu wa Nairobi. Nilimzaa mimi, kwa kunyamaza.

Walikuwa wakifanya mazoezi ya wakili siku Talaso alipoingia. Alikuwa amekuja na maziwa ya chai ya wafanyakazi wa filamu. Alikuwa amenenepa kidogo, na mtungi sasa ulikuwa wa plastiki. Alisimama mlangoni akamwona mwigizaji akipiga hatua mbele, akinyoosha kidole na kusema kwa sauti nzito, "Mheshimiwa, mteja wangu alisema *mpaka* mwenyewe apatikane!" Mutiso akapiga makofi. Talaso akaja mpaka kiti changu.

"Salaam aleikum, karani."

"Aleikum salaam, mama."

"Huyu mtu wa koti ni nani?"

"Ni wakili."

"Guyo alikuwa na wakili?"

"Hakuwa naye."

"Na mimi niko wapi?"

Nilianza kumweleza habari za faili, kwamba filamu inafuata maandishi, kwamba maandishi hayataji watu wa benchini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu hiyo, ya kuacha mtu amalize. Kisha akasema bila kupandisha sauti, kwa Kiborana sasa, ili wale wengine wasielewe:

"Mama yetu alikufa wiki ile ya pili, Guyo akiwa rumande. Walimzika siku hiyo hiyo, na mwanawe wa kiume wa pekee hakuweka hata konzi ya mchanga. Hiyo nayo hukuisikia?"

Sikuwa nikijua. Naomba mniamini kwa hilo, ingawa sijawapa sababu nzuri ya kuniamini. Alichukua mtungi wake akaondoka.

Walirudia tukio la wakili mara mbili zaidi. Kisha nikaenda kwa Mutiso, nikamwomba tutoke nje kwenye kivuli cha ukuta.

"Aliyegundua kosa ni yule mama wa maziwa," nikamwambia. "Ni dada wa mshtakiwa. Alisimama akasema, na hakimu alimwamuru aketi, akakataa."

Mutiso alivua kofia. "Mbona haiko kwenye faili?"

"Hakimu hakuiandika."

"Na mkalimani kutosikia?"

"Hiyo aliiandika kwa sababu niliisema. Lakini nilisikia. Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimechoka, nikafupisha."

"Bwana Farah, wewe bado ni mfanyakazi wa mahakama. Nikiweka hiyo kwenye picha, wakubwa wako wataiona."

"Wataiona."

"Na ulikuwa mshauri wangu wiki mbili nzima."

"Ndiyo. Nilikuwa nikirekebisha pazia."

Hakukasirika, au kama alikasirika, aliificha hasira yake ndani ya kofia. Alisema wakili hawezi kutoka, kwa sababu nusu ya picha zake zilikuwa zimeshapigwa na mwigizaji alikuwa mtu mwenye jina. Lakini angeweza kuongeza tukio la mwanamke benchini, na yule mkalimani kiziwi angemgeuza kuwa mtu wa masikio mazima, mwenye haraka. Alitimiza yote mawili.

Walileta msichana wa Nairobi kuigiza nafasi ya Talaso, na Talaso akaitwa kumfundisha. Msichana alilia vizuri sana, machozi ya kweli. Talaso alimtazama, akatikisa kichwa.

"Huyu analia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na maziwa yangu ilikuwa inaharibika."

Wakarudia. Mara ya sita msichana alichoka, akakasirika kweli, akapiga kelele kwa Talaso mwenyewe. "Haya, hiyo," Talaso akasema. Ndiyo mnayoiona katika filamu. Ni fupi, lakini ni ya kweli kuliko yote yaliyomo.

Wakubwa waliniita kabla hata filamu haijakamilika. Isiolo ni mji mdogo. Nikaandika maelezo ya kurasa mbili. Nikapewa barua ya onyo, na mwaka mmoja wa kupanga mafaili stoo bila kutafsiri. Sikukata rufaa. Niliporudi chumba cha mahakama nilikuwa mkalimani wa polepole, na mahakimu wawili walinilalamikia kwa sababu hiyo. Nyinyi mnaojifunza kazi hii sasa, mtalalamikiwa vilevile. Vumilieni.

Filamu ilipokamilika waliileta tuione. Ilikuwa saa tisa mchana katika ukumbi uleule, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, joto la kuoka mkate. Watu walitazama kwa makini mpaka kielelezo kilipoletwa uani mwa mahakama. Ukumbi wote ukalipuka. Watu wa Nairobi walikuwa wamekodisha ngamia dume. Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega, na ndama alipoonyeshwa pembeni yake, mmoja akaita kwamba huo ndio muujiza wenyewe, hakimu angeandika huo. Mutiso alinigeukia gizani.

"Ulikuwa mshauri wangu," alisema.

"Niliangalia picha ya rais," nikamjibu.

Wakili alipigiwa makofi. Siwezi kuwadanganya. Alipigiwa makofi na watu waliokuwemo katika mahakama ile ya kweli na waliojua hakukuwa na wakili. Tangu siku hiyo nimekutana na watu wazima wanaoapa kwamba walimwona, kwamba alikuja kwa gari jeupe. Mkiniuliza filamu hukosea nini, nitawaambia kwamba kukosea nguo si hatari. Hatari ni kwamba baada ya miaka michache hata aliyekuwepo anakumbuka filamu. Kwa hiyo, kabla hamjapiga picha yenu, msiishie kwenye faili. Faili ni mtu aliyeandika alichoambiwa. Tafuteni waliokuwa kwenye benchi la nyuma, maana wapo, na wengine bado wanauza maziwa.

Guyo alikuwa amekuja kutoka Biliqo kuiona. Alikaa safu ya tatu kando ya dada yake, fimbo katikati ya magoti, na sikumwona akicheka wala kupiga makofi. Mablanketi yaliposhushwa na watu wakaanza kutoka, nilimfuata. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa siku kadhaa. Yote yalipotea. Nikaketi kiti cha mbele yake, nikageuka nyuma kama mtoto darasani.

"Mzee Guyo," nikamwambia kwa Kiborana, "ile siku nilimwambia hakimu kwamba sikusikia. Nilisikia. Na habari ya mama yako nimeipata mwaka huu. Sina la kulipa hilo."

Alizungusha fimbo yake kidogo. Talaso alikuwa akitazama mlango.

"Nilijua," Guyo akasema. "Tangu siku ile nilijua. Asiyesikia huuliza. Wewe hukuniuliza."

Ukumbi ulikuwa umebaki na sisi watatu na kijivumbi cha mablanketi. Kisha akasimama, akaegemea fimbo, akaniuliza kama tangu asubuhi nimekunywa chai. Nikasema bado. Akasema yeye pia bado, na kwamba kwa Talaso si mbali.